Kuwatembelea Uholanzi marafiki uliokutana nao safarini: hatua kwa hatua

Ulikutana na Mholanzi kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mkijiandaa kupanda kilele cha Uhuru usiku, au kwenye boti ya Unguja, au mlichangia teksi kutoka mpaka wa Rusumo hadi Kigali. Mkapeana namba za simu, na wakati wa kuagana akakuambia: "Ukija Uholanzi, karibu kwetu." Wengi wetu huichukulia kauli hiyo kuwa adabu ya kuagana. Mimi nakushauri uiamini. Waholanzi wana tabia ya kusema wanachomaanisha, na aliyekukaribisha kwa mdomo wake kwa kawaida anataka kweli uje. Lakini kwao karibu huanza kufanya kazi pale tarehe inapoandikwa kwenye kalenda. Kabla ya hapo ni nia njema tu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Tanzania au Kenya na anataka kwenda kuwaona marafiki wa aina hiyo katika miji yao. Nitakaa zaidi kwenye viza na kwenye maisha ya ndani ya nyumba ya mwenyeji, maana ndiko kwenye mambo yanayowashinda watu.

Hatua ya 1: Panga tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Anza miezi mitano au sita kabla. Usiandike "nafikiria kuja mwaka huu, tutaonana." Ujumbe wa namna hiyo atauitikia kwa furaha, kisha hakuna kitakachotokea. Andika hivi: "Nataka kuja Uholanzi kati ya tarehe 10 na 24 Mei. Utakuwepo? Naweza kulala kwako usiku tatu? Ni siku zipi huendi kazini? Kama haiwezekani niambie tu, nitatafuta pengine pa kulala." Maswali yote matatu yaulize kwa pamoja na bila kuzunguka. Kwetu kuuliza "naweza kulala kwako?" kunaweza kuonekana ni kujilazimisha. Kwao ni heshima, kwa sababu unampa nafasi ya kusema ndiyo au hapana bila kubahatisha unachokitaka.

Akijibu kwamba wiki hiyo hawezi lakini wiki inayofuata sawa, hajakukataa. Ana watoto, ana zamu, amemwahidi mama yake chakula Jumapili, na yote hayo yameandikwa. Chukua tarehe aliyokupa.

Kuhusu msimu, epuka katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti. Watu wengi hudhani kiangazi ndio wakati bora, kumbe ndipo Waholanzi wenyewe wanapoondoka na mahema yao kwenda Ufaransa au kusini zaidi. Shule hufungwa kwa kupishana katika kanda tatu za nchi, kaskazini, kati na kusini, kwa hiyo muulize rafiki mwenye watoto likizo ya kanda yake ni lini. Ningekuwa mimi, ningechagua mwisho wa Aprili hadi Juni, au Septemba. Tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme: nchi nzima huvaa rangi ya chungwa na watu huuza vitu vyao vya zamani barabarani. Tarehe 4 Mei, saa 2 usiku, watu hukaa kimya kwa dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani. Ukiwa mtaani simama pia.

Hatua ya 2: Viza, na swali la nani anakudhamini

Pasipoti za Tanzania na Kenya zinahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Uholanzi ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, na kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma. Fedha hizo hazirudishwi viza ikikataliwa. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na kupata miadi ya kupeleka maombi nako huchukua muda. Orodha kamili ya nyaraka ipo kwenye tovuti ya serikali ya Uholanzi iitwayo NetherlandsWorldwide, chagua nchi yako na sababu ya safari, "kutembelea familia au marafiki." Kama utapita pia Ubelgiji au Ujerumani, ombi lipeleke kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Hapa ndipo panahitaji kuzungumza wazi na rafiki. Serikali ya Uholanzi ina fomu moja inayobeba mambo mawili tofauti: malazi na udhamini wa fedha. Rafiki huijaza, kisha sahihi yake inathibitishwa katika ofisi ya manispaa anayoishi, na fomu halisi anakutumia kwa posta au kwa msafirishaji wa vifurushi. Kukupa malazi ni jambo jepesi. Udhamini ni mzigo: mdhamini anatakiwa aonyeshe ajira yenye mshahara usiopungua kima cha chini cha sheria, na kwamba ajira hiyo itaendelea kwa angalau miezi 12 mingine, na anakubali kulipia gharama zako ukishindwa, pamoja na za kukurudisha nyumbani.

Kwa hiyo usimwombe rafiki uliyekaa naye wiki moja akudhamini kana kwamba unamwomba chumvi. Njia nzuri zaidi, kama unaiweza, ni kumwomba malazi tu na kuonyesha fedha zako mwenyewe. Kiwango kinachotumika Uholanzi ni euro 55 kwa mtu kwa siku, yaani siku 14 ni euro 770 kwenye taarifa yako ya benki. Fedha hizo zionekane zimekaa kwenye akaunti kwa mtiririko wa kawaida wa miezi kadhaa. Kiasi kikubwa kilichoingia juzi huzua maswali. Rafiki akiwa mwanafunzi, njia hii huenda ndiyo pekee, kwa sababu kwa kawaida hatimizi masharti ya udhamini.

Nyaraka nyingine ni za kawaida: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye kurasa mbili tupu na itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka, bima ya safari inayofikia euro 30,000 na inayofanya kazi nchi zote za Schengen, nafasi ya ndege iliyohifadhiwa, si lazima tiketi iliyolipiwa, na ushahidi kwamba una sababu ya kurudi. Huu wa mwisho ndio unaoamua mengi. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara na stakabadhi za kodi, hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kila kilicho cha kweli kiweke. Andika pia barua ya ukurasa mmoja ukieleza mlivyokutana, mmewasiliana vipi tangu hapo, na utalala kwa nani tarehe zipi. Rafiki naye aandike ya kwake. Barua hizo mbili zikubaliane kwa tarehe.

Viza ikikataliwa, barua itataja sababu, na una wiki 4 za kuweka pingamizi. Mara nyingi ni bora kusoma sababu hizo na rafiki yako kabla ya kuamua kama mtapinga au mtaomba upya.

Hatua ya 3: Pangilia miji

Uholanzi ni nchi ndogo, na marafiki wa safarini huwa wametawanyika: mmoja yuko Groningen, mwingine Rotterdam. Usihangaike kukaa Amsterdam kwa sababu tu jina ni maarufu. Malazi yake ni ghali kuliko kwingi nchini, na huenda hakuna rafiki yako hata mmoja anayeishi pale. Kituo cha treni cha Utrecht kiko katikati ya reli zote: Amsterdam kama nusu saa, Groningen na Maastricht takriban saa mbili kila mmoja. Ukiwa na rafiki Utrecht, huyo mfanye kituo chako.

Kwa kila nyumba panga usiku mbili au tatu. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waholanzi nao wana methali yao kwamba wageni na samaki hubaki wabichi siku tatu. Nyumba nyingi za mijini ni nyembamba, zina ngazi kali kama za kupandia darini, na kitanda chako huenda kikawa kochi la sebuleni ambako watoto hucheza asubuhi. Kati ya nyumba na nyumba weka usiku mmoja wa hosteli, upumzike na ufue nguo.

Kila mji una kitu ambacho rafiki atafurahi kukuonyesha, na ni vizuri umwombe mwenyewe. Utrecht omba kushuka ngazi hadi kwenye maghala ya zamani kando ya mfereji wa Oudegracht, na kuupanda mnara wa Dom, wenye mita 112, ambao ujenzi wake ulikamilika mwaka 1382. Utashangaa kuuona umesimama mbali na kanisa lake: kilichokuwa katikati kilibomolewa na dhoruba mwaka 1674 na hakikujengwa tena. Jumamosi kuna soko la vitambaa, Lapjesmarkt, lililoanza mwaka 1597.

Rotterdam ni mji wa sura nyingine kabisa. Katikati yake palichomwa na mabomu ya Wajerumani tarehe 14 Mei 1940, ndiyo maana majengo ni mapya na marefu. Vuka daraja la Erasmus kwa miguu hadi upande wa kusini, fika Katendrecht, ambako tangu Mei 2025 kuna makumbusho ya uhamiaji yaitwayo Fenix, ndani ya ghala la zamani la bandari. Kwa mtu aliyetoka tu kusumbuka na viza, makumbusho hayo yana mengi ya kusema. Kisha kula kapsalon, chipsi na nyama na jibini na saladi kwenye sinia moja, chakula kilichozaliwa mji huo huo.

Leiden ina chuo kikuu tangu 1575, na maktaba ya kituo cha masomo ya Afrika ambako utakuta vitabu vya kwetu, vya Kiswahili vikiwemo. Ukiwa pale tarehe 3 Oktoba utakula samaki wa hering na mkate mweupe pamoja na mji mzima, kukumbuka kuvunjwa kwa mzingiro wa jeshi la Hispania mwaka 1574. The Hague sisi tunaijua kwa mahakama, lakini rafiki wa huko atakupeleka ufukweni Scheveningen kwa tramu. Groningen ni mji wa wanafunzi na baiskeli. Delft, Wageningen na Enschede zina taasisi ambazo Watanzania na Wakenya wengi wamesoma maji, kilimo na upimaji wa ramani. Ukiwa na ndugu au mwalimu aliyesoma huko, muulize kabla ya kuondoka, huenda bado ana watu wake.

Hatua ya 4: Zawadi na begi

Nyama, maziwa na bidhaa zake haviruhusiwi kuingia Ulaya kutoka kwetu, hata kwa matumizi binafsi. Matunda mabichi mengi, maembe yakiwemo, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Dagaa wakavu wanaruhusiwa pia, lakini fikiria harufu yao katika nyumba ya vyumba viwili.

Zawadi nisizochoka kuzipendekeza ni kahawa ya Kilimanjaro au Kagera iliyokaangwa, karafuu na iliki za Unguja, na khanga. Khanga ina kisa cha kumsimulia mwenyeji: mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, viwanda vya Uholanzi, vikiwemo vya Helmond, Haarlem na Leiden, vilichapa khanga kwa ajili ya soko la pwani yetu. Mpe akiwa mbele yako. Ataifungua papo hapo, na hilo ni adabu kwao. Kisha msomee jina la khanga hiyo.

Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo chukua adapta. Chukua koti la mvua hata kama ni Juni. Mwislamu ajue kwamba mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo ratiba ya Maghribi na Isha hugongana na usingizi wa wenyeji. Waeleze mapema, watakuelewa. Nyama ya halali hupatikana kwa urahisi mijini kwenye bucha za Waturuki na Wamoroko.

Hatua ya 5: Kutoka ndege hadi mlangoni

KLM huruka kati ya Amsterdam na Nairobi, Kilimanjaro na Dar es Salaam. Mashirika mengine hupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, na mara nyingi nauli huwa nafuu. Ukifika Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, uwe na hivi mkononi, si kwenye begi lililo tumboni mwa ndege: nakala ya fomu ya malazi, bima, tiketi ya kurudi na anwani na simu ya mwenyeji. Askari wa mpakani atauliza unaenda kwa nani, mlijuana vipi na utakaa siku ngapi. Jibu kwa ufupi na ukweli. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza mfumo wa kielektroniki wa kusajili wanaoingia na kutoka, kwa picha na alama za vidole, kwa hiyo siku zako zinahesabiwa na kompyuta.

Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe. Huhitaji kupanga foleni ya tiketi kama kadi yako ya benki ina alama ya kulipa kwa kugusa: gusisha kadi unapoingia, gusisha kadi hiyo hiyo unapotoka. Kusahau kugusisha wakati wa kutoka hukata fedha zaidi ya nauli. Kabla ya kuondoka nyumbani, mwambie wa benki aifungue kadi kwa matumizi ya nje. Chukua na noti kidogo, ingawa maduka mengi hupendelea kadi na mengine hayapokei fedha taslimu kabisa. Mkiwa safarini na rafiki mwenye uanachama wa punguzo wa shirika la reli, muulize kama unaweza kusafiri kwa punguzo lake. Saa zisizo na msongamano linaweza kufika asilimia 40.

Hatua ya 6: Ndani ya nyumba ya watu

Fika kwa wakati. Mkikubaliana 18:00, fika 18:00, na ukichelewa dakika kumi tuma ujumbe. Andikianeni saa kwa tarakimu za saa 24, maana hesabu yetu ya saa na yao zinapishana kwa saa sita.

Chakula cha moto ni kimoja kwa siku, nacho huliwa mapema, saa 12 au saa 12 na nusu jioni. Mchana ni mkate kwa jibini au siagi ya karanga. Mpishi hupika kwa idadi ya walioalikwa, kwa hiyo usifike na binamu yako bila kusema. Ukialikwa "kahawa" saa 2 usiku, ni kahawa na biskuti, kula kabla. Kama kuna usichokula, sema siku mwaliko unapotolewa, si mezani. Na ukitaka kuongeza, omba. Hapatakuwa na mtu wa kukubembeleza "ongeza kidogo" mara tatu kama kwetu. Ukisema umeshiba ataamini.

Ikiwa kuna siku ya kuzaliwa, utakuta viti vimepangwa duara. Zunguka, mpe kila mmoja mkono na jina lako, na umpongeze si mwenye siku peke yake bali na mzazi wake, mke au mume wake, na ndugu zake. Wazazi wa rafiki watakuambia uwaite kwa majina yao ya kwanza. Najua ulimi unakataa. Waite walivyotaka, na heshima yako ionyeshe kwa kusimama kuwasalimu na kusaidia kutoa vyombo.

Mambo ya fedha huwaumiza sana watu wa kwetu, kwa hiyo nitayasema yalivyo. Mkienda mgahawani, kila mtu hulipa chake, na hata aliyelipa kwa niaba ya wote atatuma ombi la malipo kwa simu siku hiyo hiyo, euro nne na senti zake. Hakuhesabii ubaya. Kwao deni dogo likilipwa upesi, urafiki unabaki huru. Wewe huna akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo mpe taslimu pale pale. Ukitaka kuwakirimu, tamka kabla ya kuagiza: "Leo ni mimi." Njia nzuri zaidi ni kupika. Omba jiko jioni moja, nunua mchele na tui la nazi, pika pilau au samaki wa kupaka, na waache wale kwa wingi wa kwetu. Viungo utavikosa mara chache: maduka ya Wasurinamu na Waindonesia yana karibu kila kitu, hadi muhogo na ndizi za kupika.

Ukweli wao mkavu usikuvunje moyo. Atakuambia koti lako halitoshi baridi, au kwamba amechoka na anataka kulala. Mjibu hivyo hivyo: ukichoka sema, ukitaka kubaki mwenyewe siku moja sema.

Hatua ya 7: Baiskeli

Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, na maegesho ya kituo cha Utrecht peke yake huchukua 12,500. Rafiki atakuazima moja. Kabla ya kuingia barabarani jaribu breki. Nyingi hufungwa kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Endesha kulia, maana kwetu tumezoea kushoto. Nyoosha mkono kabla ya kukata kona, washa taa usiku, usishike simu, na reli za tramu zivuke kwa kuzikata, usiziambae. Ukiwa kwa miguu, njia ya lami nyekundu si yako. Kama hujui kuendesha, sema. Rafiki atakubeba nyuma, au mtatembea.

Hatua ya 8: Kuondoka

Asubuhi ya mwisho vua mashuka, uliza yawekwe wapi, rudisha ufunguo mkononi, lipa deni lolote lililobaki. Kadi ya asante iliyoandikwa kwa mkono na kutumwa kwa posta inapendwa sana, na mara nyingi utaikuta imebandikwa jikoni ukirudi. Toka ndani ya siku zilizoandikwa kwenye viza, si ndani ya siku 90 unazozisikia watu wakizitaja. Hizo ni kikomo cha juu katika kila siku 180, na viza yako huenda imetoa 20 tu. Tunza vipande vya tiketi za ndege na nakala ya ombi zima. Ombi lijalo utaulizwa kama uliwahi kwenda na kama ulirudi kwa wakati, na rafiki yako wa Groningen ataandika barua akiwa na kitu cha kusimulia.